Kapcha kadi hii: ile 4K ya kwenye boksi iko wapi?

Habari zenu wadau, karibuni tena. Hiki kidude mnachokiona mkononi ni kapcha kadi ya USB, yaani kifaa cha kuingiza picha ya kamera au gemu kwenye kompyuta. Huku HDMI ya kuingiza, huku HDMI ya kutoa, na huu ndio waya wa kwenda kwenye kompyuta. Kwenye boksi wameandika 4K kwa herufi kubwa kweli kweli, na hapo ndipo wengi tunapoliwa.

Hiyo 4K ni ya picha inayopita tu: inaingia kutoka kwenye kamera au mashine ya gemu, inatokea upande wa pili kwenda kwenye runinga. Kinachofika kwenye kompyuta ni 1080p, ubora wa chini ya 4K. Mimi inanitosha, ila wangesema.

Haya, tufungue OBS, ile programu ya kurekodi na kurusha video. Rezolusheni naichagua mwenyewe, 1920 kwa 1080, fremu 60 kwa sekunde. Chini yake kuna fomati ya video, yaani namna picha inavyofungashwa kwenda kwenye kompyuta, na hapa naomba tutulie. Nikiweka YUY2, tazameni mkono wangu... mnaona? Unaruka kama katuni ya kuchorwa pembeni mwa daftari. Kadi inanipa fremu 5 tu! Jana nilihangaika na hili karibu saa nzima. Nikalaumu kamera, nikalaumu waya, kumbe nimechomeka kwenye tundu la USB 2.0.

Pigeni hesabu. YUY2 haibanwi, kila nukta inakula baiti 2. Kwa 1080p ya fremu 60, hiyo ni kama megabaiti 249 kila sekunde. USB 2.0, hata kwenye makaratasi, mwisho wake ni megabaiti 60. Haipiti hata kwa maombi. Nahamishia USB 3.0... eeh, mkono umetulia.

Kompyuta yako haina tundu hilo? Weka MJPEG, picha ibanwe ndani ya kadi kabla ya kusafiri. Mwendo utakuwa laini, ila angalieni hii menyu: herufi ndogo nyekundu zimechafuka pembeni. NV12 nayo inapunguza taarifa za rangi, inabaki na megabaiti 187 hivi, kwa hiyo bado inataka USB 3.0.

Ukiona weusi umegeuka kijivu, usikimbilie kuongeza kontrasti. Kamera inatuma viwango vya rangi vya 16 hadi 235, weusi ukianzia 16, wewe umeiambia OBS isome 0 hadi 255. Linganisha hizo mbili kwanza. Na wa PlayStation, skrini ikiwa nyeusi tii, zima HDCP, ule ulinzi wa kuzuia picha isinakiliwe, kwenye mipangilio ya mashine yenyewe.

Ya kununua? Kwa 1080p, ndiyo, bila kusita. Kwa kurekodi 4K, hapana. Ngoja niichomoe basi, imeshaanza kuniunguza kidole.