Homegirl Café, Los Angeles: chakula kitamu, na kazi ya padri iliyokizaa

Nianze na chakula, maana wengi wakisikia habari za mkahawa huu hudhani watakwenda kula kwa huruma. Chilaquiles zao ni vipande vya chapati za mahindi vilivyokaangwa, vikamiminiwa mchuzi wa pilipili, juu jibini na yai. Mchuzi umekolea, na bado vipande vinavunjika mdomoni. Maji yao ya limau yana mnanaa, na sukari haikuzidi. Waislamu wenzangu, ulizeni nyama kwanza. Mimi nilijibiwa kwa uso mkunjufu.

Mkahawa uko ndani ya jengo la shirika la Homeboy Industries, mtaa wa Bruno, karibu na kituo cha treni cha Chinatown. Wengi wa wanaopika na kuhudumu wametoka kwenye magenge au gerezani. Aliyeianzisha kazi hii ni Padri Gregory Boyle, Mjesuiti (shirika la mapadri wa Kikatoliki), aliyekabidhiwa parokia ya Dolores Mission mwaka 1986, jirani na nyumba za serikali za Pico Gardens na Aliso Village, ambako vijana walikuwa wakiuana. Amezika zaidi ya 200. Hapo mwanzo alizunguka usiku kwa baiskeli akisuluhisha genge na genge, kisha akaacha, akiona mapatano yale yanayapa magenge nguvu. Akamgeukia kijana mmoja mmoja: shule na ajira. Mwaka 1992, baada ya ghasia za jiji, likafunguliwa duka la mikate, na waliokuwa wakiwindana wakakanda unga meza moja.

Hapo ndipo kazi hii iliponishika moyo. Kwetu Kisauni, Mombasa, vijana wa mapanga wakizidi huitwa baraza. Shehe ataongea, padri ataongea, chifu ataongea, soda zitanywewa, watu watarudi makwao. Kesho yake yule kijana anaamka hana pa kwenda. Hapa Homeboy kijana anaingia mafunzo ya miezi 18, na analipwa. Humo humo jengoni kuna ushauri nasaha, masomo, msaada wa kisheria, na chumba cha kufutia tatuu kwa leza bila malipo, madaktari wakijitolea.

Kijana aliyenihudumia alikuwa na herufi shingoni zilizofifia, zasomeka kwa taabu. Kabla hajaniwekea sahani alifuta ukingo wake kwa kitambaa, akaitazama, akafuta tena. Sikumuuliza lolote. Nanyi mtakaokwenda, tafadhalini, msiwahoji habari za jela wakiwa kazini. Wapo wanaowatembeza wageni jengoni na kusimulia kwa hiari yao, ulizeni mapokezi.

Mikate na chilaquiles peke yake haziwezi kulipia yote haya. Mwaka 2010 fedha ziliwakaukia, wakalazimika kuwapunguza wafanyakazi wengi. Mwaka 2024 Rais Biden alimvisha Padri Boyle Nishani ya Uhuru, na alistahili kabisa, ila nishani hailipi mishahara. Ndiyo maana sitoki bila mfuko wa conchas, mikate mitamu ya Kimeksiko, za kupeleka nyumbani, na watoto wangu hawajawahi kuzilalamikia.

Mashehe na mapadri wetu wa Pwani wanaoalikwa Marekani kwenye makongamano, waombeni wenyeji wenu wawapitishe hapa. Msiishie mezani, ombeni muone na jiko.