Uzoefu wangu na GoAccess: logi za seva zilizogeuka ukurasa ambao hata nahodha anausoma

Nasimamia tovuti ya safari za mashua hapa Lamu. Mwenye mashua ni ami yangu, na wageni wake wengi hubuku kwa simu wakiwa wamesimama gatini. Mwezi wa nane alinijia hana raha. "Mwanangu, wageni waniambia wamejaribu kubuku, ukurasa haufunguki. Kwangu wafunguka." Kwangu pia ulifunguka, na logi ya hitilafu, faili ambalo seva huandikia makosa yake, ilikuwa haina kitu.

Nilijua jibu limo kwenye logi ya kawaida ya nginx, programu inayohudumia tovuti yetu, ile inayoandika kila ombi. Shida ni kuisoma. Kila mstari una anwani ya IP, tarehe, ukurasa ulioombwa, namba ya jibu, ukubwa wa data na aina ya simu, vyote vimebanana, na siku moja ina maelfu ya mistari. Nilikuwa nachambua kwa grep, amri ya kutafuta neno kwenye faili, hadi macho yanawasha, na ami ameketi kando asiweze kunisaidia. Ndipo nikaweka GoAccess.

Ni programu huria isiyo na malipo ya kugeuza logi kuwa ripoti, imeandikwa kwa lugha ya C, ipo tangu 2010. Kwenye Ubuntu unaipata kwa apt, amri ya kusakinisha programu. Amri niliyotumia ni hii:

goaccess /var/log/nginx/access.log --log-format=COMBINED -o ripoti.html

Inatoka faili moja tu ya HTML, grafu na majedwali yote yamo ndani yake, na kivinjari chochote kinaifungua hata bando likiwa limekwisha. Nikaiweka mbele ya ami kwenye kompyuta, tukaanza kushuka nayo pamoja.

Kwenye jedwali la namba za majibu ikajitokeza 499, tena kwa wingi. Hiyo ni namba ya nginx yenyewe, maana yake mteja amekata kabla seva haijamaliza kumjibu. Kwa hiyo seva haikuwa na kosa la kuandika. Mgeni alingoja, akachoka, akafunga.

GoAccess haikuonyeshi moja kwa moja kila namba ilitokea saa ngapi, lakini unaweza kuichujia logi kwanza. Naomba uihifadhi hii, imenifaa kuliko kitu kingine chochote:

grep '" 499 ' access.log | goaccess --log-format=COMBINED -o 499.html -

Sasa ripoti nzima ikawa ya wale waliokata tu. Grafu ya saa ilikuwa na nguzo moja ndefu, saa 13. Nikamwambia ami ni saa saba mchana, labda watu wanakwenda kuswali na kula, wanaacha ukurasa njiani. Akakataa palepale. "Saa saba jua la utosi, nani abuku mashua?" Nikarudi kwenye logi, nikaona kila tarehe imefungwa na +0000. Seva ilikuwa ikihesabu saa za UTC, saa ya kimataifa ya rejea, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Kumi na tatu ile ilikuwa saa kumi alasiri. Ami hakuhitaji maelezo zaidi. Saa kumi ndipo wageni wanapojazana ukingoni kutafuta safari ya machweo, wote kwa mpigo, wote kwa mtandao wa simu.

Ukurasa wa machweo ulikuwa na picha saba, kila moja karibu megabaiti nne, kama zilivyotoka kwenye kamera. Nilizipandisha mwenyewe. Safu ya data iliyotumwa kwenye jedwali la mafaili ilizionyesha zote saba juu kabisa. Nikazipunguza zote zikawa chini ya kilobaiti mia mbili, nikaiweka seva kwenye saa za Africa/Nairobi. Wiki iliyofuata ile nguzo ilikuwa imebaki kisiki.

Yako mambo yaliyoniudhi. Ripoti inasoma logi iliyopo tu, na logrotate, programu inayofuta logi za zamani, kwenye seva yangu ilikuwa imeshafuta za mwezi mzima wa saba. Ukitaka historia, tumia --persist na --restore, za kuhifadhi na kurejesha data ya nyuma, tangu siku ya kwanza. Pia majedwali hayana pa kutafutia neno. Na ripoti hiyo imejaa anwani za IP za watu, kwa hiyo usiiweke wazi mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatuhusu hata sisi wenye biashara ndogo. Mimi naikinga kwa nywila na kuongeza --anonymize-ip, inayoficha sehemu ya anwani.

Kwa logi za dibagi, yaani za kusaka makosa ya programu, haifai. Programu yetu ya kubuku ni ya Python, na kosa moja humwaga mistari ishirini. GoAccess inataka kila tukio mstari wake, kwa mpangilio usiobadilika. Kwa kazi hiyo nimehamia kijiprogramu kingine kinaitwa aha:

aha --black < dibagi.log > dibagi.html

Zile alama za rangi zinazoonekana kama takataka, [31m na wenzake, zinageuka rangi kweli, na kosa linasimama jekundu. Alama za HTML zilizomo ndani ya logi inazizima, zionekane kama maandishi tu. Hilo ni muhimu, kwa sababu wahuni hupenda kupachika kodi kwenye maombi yao. Mwenzangu wa Mombasa naye hulifungua faili hilo kwenye simu akanisaidia.

Kuna jingine ami aliliona kabla yangu, kwenye jedwali la 404, yaani kurasa zilizoombwa na hazipo. Juu kabisa kulikuwa na /macheo. Akacheka, akanishika mkono hadi gatini. Ubavuni mwa mashua, kwa rangi ya bluu, fundi alikuwa ameandika anwani yetu na kuruka herufi moja, na wageni walikuwa wakiinakili vilevile ilivyo. Jioni hiyo nikaielekeza /macheo kwenye ukurasa wa machweo. Rangi ya mashua haikuguswa.