Kukodi mashua Lamu: Mkanda, Manda Toto na Takwa

Mkienda Lamu kundi la marafiki na mkataka mashua ya tanga, msianze na bei. Mwulizeni nahodha maji yatajaa saa ngapi siku hiyo, na yataanza kupwa lini. Akijibu papo hapo na kupanga safari yote kwa jibu hilo, shikaneni naye. Sisi tulimpata wetu hivyo, Februari, kaskazi ikivuma, na ningemkodi tena kesho, ingawa lipo jambo moja lililoniudhi.

Alitutaka tuwe jetini mara tu baada ya sala ya alfajiri. Wenzangu walinung'unika, lakini sababu ilijitokeza mapema. Mkanda, ule mlango wa maji baina ya kisiwa cha Manda na bara, huwa na kina kidogo maji yakipwa. Tuliupita yakiwa yanajaa, mikoko kulia na kushoto, mizizi yote imezama. Hapo alitumia mashine kwa sababu njia ni nyembamba na upepo ulitujia usoni. Tulipofika ghubani ndipo akaizima, akatweka tanga na kuanza kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, huku baharia wake akitoka nje juu ya ubao upande wa joshi, unakotoka upepo, ili chombo kisilale. Nimezaliwa Mombasa na feri ya Likoni naijua tangu utoto, lakini kwenda baharini bila mngurumo wa injini ni raha ambayo sikuwa nimeionja.

Manda Toto ni kisiwa kidogo, na uzuri wake uko chini ya maji: matumbawe, na samaki wa rangi wanaokupita karibu na mkono. Miwani ya kuzamia ilikuwa mizima ila michache, tukapokezana. Chakula sasa. Baharia alikuwa ametupa mshipi njiani akapata samaki aina ya changu, akawachoma juu ya makaa pale pwani, wamepakwa ndimu, chumvi na pilipili tu. Wali wa nazi ulipikwa chomboni, kwenye jiko lililowekwa ndani ya sanduku la mchanga. Kachumbari ikakatwa hapo hapo. Nimelipa pesa nyingi hotelini kwa samaki ambaye hakumfikia yule changu hata robo.

Kesho yake tukaenda Takwa, mji wa kale ulioachwa katika karne ya 17. Hori linaloingia huko hupitika maji yakijaa tu, kwa hiyo muda wa kutembea si mwingi. Uone msikiti wa Ijumaa wenye nguzo juu ya kibla, uone na kaburi la nguzo, kisha urudi chomboni. Rafiki zangu walitaka kuendelea kupiga picha. Nahodha akaita, "Haya jamani, twendeni, maji yapwa!" Wakati wa kutoka tulipita mashua nyingine imekwama kwenye tope, wageni wake wamekaa juani wakisubiri maji ya jioni. Hapo hakuna aliyenung'unika tena.

Kilichoniudhi ni jaketi okozi. Siku ya kwanza hazikututosha, na baadhi zilikuwa zimekatika mikanda. Tulipomwambia aliazima nyingine kwa mwenzake, lakini hilo lilipaswa kufanywa kabla ya kung'oa nanga, hasa kwa kuwa wawili kati yetu hawajui kuogelea. Ombeni kuziona kabla ya kutoa arubuni, na kila mtu aijaribu yake.

Bei tuliyopatana ilijumuisha mafuta, chakula na miwani. Tiketi ya Takwa ni juu yenu. Bebeni kofia na shuka, maana tanga halitoi kivuli cha kutegemea mchana.

Kama likizo yenu ni Julai au Agosti, mtakuta upepo wa kusi, na bahari ya nje huchafuka. Safari za ndani ya mikoko bado huendelea, lakini kwa Manda Toto msikilizeni nahodha. Akisema leo haiendeki, mwacheni awapeleke kijiji cha Matondoni mkaone mafundi wanavyounda majahazi.