Chai ya Kukata Tumbo ya Shilingi 35,000: Naifungua Mbele Yenu

Wapenzi watazamaji, habari zenu, na karibuni tena katika uchambuzi wetu wa bidhaa kutoka hapa Dar es Salaam. Leo mezani nina boksi la chai ya kukata tumbo, kopo la kapsuli za garcinia, yaani tunda linalotangazwa kuwa hupunguza unene, na chupa ya siki ya tufaha, na vyote vitatu nimevinunua kwa fedha zangu, sikupewa na muuzaji wala sikulipwa na kampuni yoyote. Nalisema hilo mapema kwa sababu bidhaa za kupunguza unene zinatangazwa na watu wengi wanaolipwa, nanyi mna haki ya kujua mtu anayewashauri kuhusu miili yenu amelipwa na nani. Chai imenigharimu shilingi 35,000, kapsuli 60,000 na siki 18,000, jumla 113,000, na kwa mwananchi wa kawaida wa jiji hili hizo ni fedha za kufikiria mara mbili.

Maelezo ya rangi ya boksi na idadi ya vijimfuko nayaacha, kwani bidhaa hizi mmeshaziona Kariakoo, mmeziona katika maduka ya vipodozi ya Sinza na Mwenge, na mnaziona kila mnapofungua simu. Nakwenda moja kwa moja kwenye chai, kwa kuwa ndiyo iliyoniudhi kuliko vyote.

Nasogeza kamera karibu ili muone vizuri. Nimechukua kijimfuko kimoja, nakikata kwa mkasi na kukimwaga juu ya sahani nyeupe. Ubavuni mwa boksi imeandikwa kuwa ndani mna chai ya kijani, tangawizi na choya, na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo ambazo nimelazimika kuzisogeza kwenye mwanga wa dirisha, yapo maneno Cassia angustifolia. Hiyo ni sanamaki. Pembeni mwa sahani nimeweka sanamaki kavu niliyoinunua Kariakoo kwa muuza dawa za asili, mfuko mzima kwa shilingi 1,000. Tazameni jani lake: ni jembamba, lina ncha, rangi yake ni kijani iliyofifia, na ukiliangalia karibu na kikonyo utaona kwamba pande zake mbili hazilingani, upande mmoja umeanza chini kidogo kuliko mwingine. Sasa rudini kwenye sahani. Vipande hivi vilivyovunjika ninavyovitenga kwa ncha ya kisu vina rangi ile ile, na hiki hapa, ambacho kwa bahati kimebaki na kikonyo chake, kina pande zisizolingana vile vile. Nikiendelea kutenga, fungu la sanamaki linakuwa kubwa kuliko tangawizi na choya vikiwekwa pamoja. Chai ya kijani, ambayo ndiyo picha yake imejaa mbele ya boksi, ni vumbi hili kidogo lililobaki.

Sanamaki ni dawa ya kweli, nami sina ugomvi nayo. Wazee wetu wa pwani wameitumia miaka mingi kusafisha tumbo, na hospitalini pia hutumika kwa mtu aliyefunga choo, kwa muda mfupi. Viini vyake hupita tumboni na katika utumbo mwembamba bila kufanya kazi yoyote, hadi vifike kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huvibadilisha, navyo huanza kusukuma kuta za utumbo na kuzuia maji yasirudi mwilini. Safari hiyo huchukua kati ya saa 6 na 12, ndiyo maana boksi linakuagiza unywe usiku kabla ya kulala, na alfajiri unakimbilia chooni. Lakini chakula ulichokula kimeshafyonzwa huko nyuma, katika utumbo mwembamba. Wali umeshaingia kwenye damu, mafuta ya chipsi yameshaingia, na kinachotoka asubuhi ni maji na mabaki ambayo yangetoka hata hivyo.

Hapa ndipo mizani inapomdanganya mtumiaji. Naweka chupa hii ya maji ya lita 1.5 juu ya mizani ya jikoni, nanyi mnaona inasoma kilo 1.5 na gramu chache za plastiki. Mtu aliyeharisha usiku kucha anaweza kupoteza maji ya kiasi hicho, akapanda kwenye mizani asubuhi, akafurahi, akapiga picha na kumtumia muuzaji, na picha hiyo ikawa tangazo la kumshawishi mwingine. Akinywa maji na kula mchana, uzito unarudi. Hakuna aliyesema uongo katika picha ile, ila mafuta ya tumboni hayakuguswa.

Nilipomuuliza muuzaji kwa nini chai inasokota tumbo, alinijibu kwa upole kabisa, "Dada yangu, hayo ni mafuta yanatoka." Naamini naye aliambiwa hivyo na aliyemuuzia. Ukweli ni kwamba mafuta ya mwilini hayatoki kwa njia ya choo. Mwili unapoyatumia huyavunja yakawa hewa ya ukaa na maji, na hesabu iliyochapishwa mwaka 2014 katika jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, inaonyesha kwamba katika kila kilo 10 za mafuta yaliyotumika, kilo 8.4 hutoka kupitia mapafu unapopumua na kilo 1.6 hutoka kama maji. Njia kuu ya kutolea mafuta ni pua na mdomo, na hakuna chai ya kuharisha inayoweza kubadilisha jambo hilo.

Tupime pia ahadi iliyoandikwa mbele ya boksi, kwamba utapungua kilo 5 kwa wiki moja. Kilo moja ya mafuta mwilini ina takriban kalori 7,700, kwa hiyo kilo 5 ni kalori 38,500. Mtu mzima anayetumia kalori 2,200 kwa siku hutumia 15,400 kwa wiki nzima. Maana yake ni kwamba hata angekaa wiki hiyo bila kutia chochote kinywani zaidi ya maji, jambo ambalo simshauri mtu yeyote kulijaribu, angepunguza kama kilo 2 tu za mafuta. Aliyeandika kilo 5 ama hakupiga hesabu, ama alipiga na akaamua kuiandika hivyo hivyo.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba boksi halina onyo hata moja. Kuharisha kwa muda mrefu huondoa madini ya potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika. Mama yangu mwenye presha ambaye tayari anakunywa dawa za kukojoa, na anazo sababu zake nzuri za kutaka kupungua, yuko katika hatari kubwa kuliko kijana wa miaka 20, kwa sababu baadhi ya dawa hizo nazo hupunguza potasiamu. Kuharisha kukali kunaweza pia kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Dada anayemeza vidonge hivyo huku akinywa chai hii kila usiku anastahili kuambiwa kabla hajatoa fedha yake.

Kapsuli za garcinia hazitanichukua muda mrefu. Zilifanyiwa utafiti mzuri uliochapishwa Marekani mwaka 1998 katika jarida la madaktari la JAMA, ambapo watu 135 wenye uzito mkubwa waligawanywa makundi mawili kwa wiki 12, wote wakila chakula chenye kalori chache, kundi moja likimeza garcinia na jingine vidonge visivyo na dawa ndani. Waliomeza garcinia walipungua wastani wa kilo 3.2, na waliomeza vidonge vitupu walipungua kilo 4.1. Tofauti hiyo kitaalamu haihesabiki kuwa tofauti, lakini mimi inanitosha kutonunua tena kopo hili la shilingi 60,000, hasa kwa kuwa zimekuwepo pia taarifa za watu walioumia ini baada ya kutumia bidhaa zenye garcinia.

Siki ya tufaha nilitaka kuisifu kidogo, na bado nataka. Utafiti wa Japani wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watu waliokunywa siki kila siku kwa wiki 12 walipungua kati ya kilo 1 na 2. Ni kidogo, lakini ni kitu. Utafiti mwingine wa Lebanon uliotoka mwaka 2024 ulidai matokeo makubwa zaidi, nao ndio uliosambaa sana mitandaoni, ila mwaka 2025 jarida lililouchapisha liliufuta baada ya takwimu zake kutiliwa shaka, na kufutwa kwake hakukusambaa. Kiini kinachotajwa kufanya kazi ni asidi ile ile iliyomo katika siki ya kawaida inayouzwa dukani kwa bei ndogo, hivyo anayependa siki aitie kwenye kachumbari, asiinywe kavu, maana huharibu meno.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini zaidi, hasa wale walioandika chini ya video iliyopita kwamba wao walitumia vidonge vya majani tu na wakapungua kweli. Nawaamini, na ndiyo maana nina wasiwasi. Ilikuwepo dawa iitwayo sibutramini, iliyokuwa ikikata hamu ya kula, ambayo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya utafiti wa watu wapatao 10,000 kuonyesha kwamba iliongeza mishtuko ya moyo na kiharusi kwa wagonjwa wa moyo. Tangu hapo mamlaka ya dawa ya Marekani imeikuta mara nyingi, ikiwa imefichwa ndani ya vidonge na kahawa za kupunguza uzito zinazotangazwa kuwa ni asilia mia kwa mia. Ukitumia bidhaa inayodai kuwa ni majani tu, kisha mdomo ukakauka, usingizi ukaruka, moyo ukaenda mbio na njaa ikapotea siku nzima, acha kuitumia na uende hospitali ukiwa na boksi lake mkononi, ili daktari aone ulichomeza.

Najua mtaniuliza kuhusu sindano za kupunguza uzito, kwa sababu wauzaji wa chai hizi wameanza kujilinganisha nazo. Sindano ya semaglutide ni dawa iliyopimwa. Katika utafiti wa mwaka 2021, walioitumia kwa wiki 68 pamoja na kupewa ushauri wa chakula na mazoezi walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, na waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Naiheshimu dawa hiyo, ingawa bei yake ni mzigo, wengi wanaoiacha hurudisha sehemu kubwa ya uzito, na inapaswa kuandikwa na daktari baada ya vipimo. Anayekuuzia sindano kwa ujumbe wa simu na kukuletea kwa bodaboda hajui kama friji yake imeiharibu, na huenda hajui hata kilichomo, kwani mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia. Kuna pia kidonge cha orlistat, kinachozuia takriban asilimia 30 ya mafuta ya chakula yasifyonzwe. Katika utafiti wa miaka 4 kiliwapunguza watumiaji wastani wa kilo 5.8, dhidi ya kilo 3 kwa wasiokitumia. Hiyo ni tofauti ya kilo 2.8 kwa miaka 4, kwa dawa iliyopimwa vizuri. Iweke namba hiyo kando ya kilo 5 kwa wiki zilizoandikwa kwenye boksi langu.

Kwa upande wa bei, nawapa hesabu moja. Chupa ya soda ya mililita 350 ina karibu gramu 37 za sukari, ambazo ni kalori zipatazo 150. Anayekunywa moja kila siku na akaiacha, bila kuongeza kitu kingine mahali pake, ameondoa kalori 4,500 kwa mwezi, yaani zaidi ya nusu kilo ya mafuta, na badala ya kutoa shilingi 35,000 amebaki na fedha ya soda. Nusu kilo haipigiwi picha, naelewa, lakini ni mafuta kweli.

Kabla hujanunua, geuza boksi. Langu halina namba ya usajili ya mamlaka yoyote ya Tanzania, wala jina la mwagizaji, wala anwani ya mtu wa kuulizwa mambo yakiharibika. Dawa za hospitali zinasajiliwa na TMDA, yaani mamlaka ya dawa na vifaa tiba, dawa za asili zinapitia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na vyakula vipo chini ya shirika la viwango, TBS. Ukikuta bidhaa iliyotengenezwa mwaka jana ina nembo ya TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, irudishe, kwa sababu TFDA ilibadilishwa kuwa TMDA mwaka 2019.

Kuhusu chaneli yetu, wauzaji wawili wa chai wameniandikia wakitaka niwatangazie, na nimewajibu kwamba sitapokea tangazo la bidhaa ya kupunguza unene isiyo na namba ya usajili. Video ijayo tutapima mikanda ya kubana tumbo, kwa kuwa mmeiomba sana. Kama nyumbani unayo chai au vidonge vya aina hii, usinitumie picha ya tumbo lako. Nitumie picha ya ubavu wa boksi, pale penye herufi ndogo, nami nitaisoma hapa mezani kiambato kimoja baada ya kingine.