Gemu imeondolewa nikiwa kwa bosi wa mwisho, nikaambiwa nichague nyingine

Huduma yenyewe siitaji jina, ila ni zile unazolipia kila mwezi unafunguliwa maktaba ya gemu. Juzi kati nimetoka kazini, nawasha, nakuta gemu niliyobakiza bosi wa mwisho, yule adui mkubwa wa kumalizia, imepigwa kufuli. Bosi mwenyewe nilishamjua: akishazungusha mkia tu, goti la kushoto liko wazi. Sevu zangu, yaani kumbukumbu za nilipofikia, naziona pale, kufungua siwezi. Na bando lote nililochoma kuishusha!

Nikawaandikia huduma kwa wateja. "Ndugu mteja, kuna gemu nyingine nyingi za kuchagua." Nikauliza, hata ujumbe wa kunitahadharisha mlishindwa? Akafunga mazungumzo.

Jibu hilo limeniuma kuliko gemu. Kwao ikitoka hii wanaweka ile, basi. Mwenye mawazo hayo atataka gemu za kumshika mtu asikate malipo: kazi za kila siku, zawadi ya kuingia leo, zawadi ya kuingia kesho. Gemu fupi yenye mwanzo na mwisho, ambayo mtu anaimaliza wikendi kisha anaondoka, nani ataipigania?

Chukua gemu ya Hi-Fi Rush ya Tango Gameworks, studio ya Tokyo. Iliingia Game Pass, huduma ya Microsoft ya aina hii hii, siku ileile ilipotangazwa, Januari 2023. Mle ndani kila kitu kinakwenda na mdundo, ngumi zako, hatua zako, hadi mitambo ya kiwandani. Ilisifiwa mno. Mei 2024 Microsoft wakatangaza kuifunga studio! Ni kampuni ya Krafton ya Korea Kusini iliyokuja kuinusuru mwaka huohuo.

Lakini haki isemwe. Pentiment, ya 2022, ni upelelezi wa mauaji huko Bavaria, karne ya 16, na michoro yake ni kama ya vitabu vya kale vya watawa. Nani angeitolea hela hiyo? Aliyeiongoza, Josh Sawyer, alisema wazi kwamba bila Game Pass asingeitengeneza. Na mimi gemu za namna hiyo nimezijulia kwenye huduma hizi hizi, maana kuzinunua moja moja kwa bei kamili nisingemudu. Kwa hiyo nikisema huduma hizi zinaua ubunifu nitakuwa nimesema uongo.

Nilitaka kutoa nyota tatu. Nikikumbuka nilivyofungiwa mazungumzo, natoa moja. Kadi nimeshaiondoa. Wakileta kitu kama Pentiment huenda nikalipia mwezi mmoja, niimalize kabla hawajaitoa.