SACCOS ya watumishi na mkopo wake wa kununua madeni: nyota nne, na sababu zake

Naandika haya kwa ajili ya mtumishi ambaye kadi yake ya benki iko kwenye droo ya mtu mwingine. Mwaka huu nimemaliza mkopo wa kununua madeni, yaani chama kinawalipa wanaokudai na wewe unabaki unadaiwa na chama peke yake. Niliupata kutoka SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya watumishi wa halmashauri yetu, huku mkoa wa Tanga, na huduma hiyo naijua tangu fomu ya kwanza hadi barua ya kumaliza deni. Jina la chama siliandiki kwa kuwa kinapokea watumishi wa hapa tu. Aliyeko Kigoma hawezi kujiunga. Ila SACCOS za aina hii zimejaa kwenye halmashauri nyingi, na nitakayoyasema utayakuta huko kwenu kwa sehemu kubwa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kaka yangu alivunjika nyonga kwenye ajali ya bodaboda, bima hana, na ukoo mzima ukamtazama mwenye mshahara. Hospitali haisubiri mwisho wa mwezi. Nilikopa kwa wakopeshaji wawili wa mjini, wale ambao mtaani wanaitwa kausha damu, nikabeba dawa kwa mali kauli, mwishowe nikachukua mkopo wa kwenye simu ili kulipia riba ya wale wawili. Mmoja wao alitoza asilimia 30 kwa mwezi. Ukikopa 400,000, riba ni 120,000 kila mwezi, na kama huna uwezo wa kurudisha zote kwa mpigo unalipa riba peke yake. Mwaka ukiisha umeshatoa 1,440,000 na zile 400,000 bado unadaiwa. Kadi anayo yeye, na namba ya siri anayo yeye. Siku ya mshahara yeye ndiye anayetangulia kwenye mashine, na kinachobaki ndicho unatumiwa kwenye simu.

Walimu wenzangu wengi wanadhani hayo ni makubaliano halali kwa kuwa walisaini karatasi. Sivyo. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayekopesha kama biashara anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, na wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana za watu, wamewekewa ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Linganisha na hiyo 30. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wameshashughulikia malalamiko ya wastaafu walionyang'anywa mafao kwa njia hizi, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Kama mkopeshaji wako hana leseni, una pa kwenda kusema. Mimi niliyafahamu haya kwa mara ya kwanza kutoka kwa afisa mikopo wa SACCOS, na kwa hilo tu namshukuru.

Sasa huduma yenyewe. Ukijiunga unalipa kiingilio na hisa, halafu unaweka akiba kwa miezi mitatu kabla ya kuruhusiwa kukopa, na mkopo hauzidi mara tatu ya akiba yako. Kwa mtu anayekabwa na riba kila mwezi, miezi mitatu ni mirefu mno. Hapo ndipo nilipoumia zaidi. Kamati ya mikopo nayo inakaa mara moja kwa mwezi. Ukichelewesha karatasi moja unasubiri kikao kijacho. Wanaangalia salari slipu yako kwa makini, kwa sababu makato yote yakitoka lazima ubaki na theluthi moja ya mshahara wa msingi. Chukua mshahara wa msingi wa 900,000. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5 ni 45,000, bima ya afya asilimia 3 ni 27,000, chama cha walimu asilimia 2 ni 18,000, na kama ulisomeshwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ni 135,000. Hiyo ni 225,000 kabla ya kodi, na theluthi yako ya 300,000 haiguswi. Wengi wanaokataliwa hukwama hapa, na hakuna wa kumlaumu.

Kilichoninyima usingizi ni wadhamini. Wanatakiwa wawili, wote wanachama, na akiba zao zinafungwa mpaka umalize. Kumwomba mtu jambo hilo si sawa na kumwomba nauli. Mwalimu mwenzangu mmoja aliniuliza waziwazi: "Mwalimu, ukihamishwa wilaya nyingine, mimi nitamshika nani?" Swali la haki kabisa. Tulikwenda naye ofisini, meneja akamwonyesha kwamba makato yanatoka Hazina na yanamfuata mtumishi anakohamia, ndipo akasaini. Ushauri wangu: mpeleke mdhamini wako ofisini asikie mwenyewe kabla hajashika kalamu.

Mkopo ulipopita, fedha sikuzishika. "Mwalimu, hizi hela hutaziona," afisa mikopo aliniambia, na ndivyo ilivyokuwa. Kila niliyemtaja kama mdai aliandika barua ya salio la deni, na SACCOS ikamlipa moja kwa moja kwenye akaunti yake. Mmoja wa wakopeshaji alikataa kuandika barua, akataka taslimu. Afisa mikopo akampigia simu akamwomba namba ya leseni. Barua ikaja siku hiyohiyo. Kadi yangu ilirudishwa kwenye bahasha, na kabla sijaipokea vizuri nikaambiwa niende benki kuifuta na kuomba nyingine, kwa kuwa mtu mwingine anaijua namba ya siri. Hili nalipatia nyota kamili. Benki iliyowahi kutuma maafisa wake shuleni kwetu ilikuwa tayari kunipa fedha haraka zaidi, lakini zingeingia mkononi mwangu, na mkopo wa mkononi hauna hakika ya kufika kwa mdai wakati nyumbani kuna mgonjwa.

Riba ndiyo sehemu ambayo watu huuliza kwanza. Nilikopa 3,000,000 kwa miezi 24, riba asilimia 1.2 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Maana yake kila mwezi unarudisha 125,000 ya mkopo, na riba inahesabiwa kwenye kilichobaki: mwezi wa kwanza 36,000, wa pili 34,500, hivyo hivyo hadi mwezi wa mwisho 1,500. Jumla ya riba ni 450,000. Asilimia hiyohiyo 1.2 ikihesabiwa kwa kiasi chote ulichokopa tangu mwanzo hadi mwisho, ungelipa 36,000 mara 24, yaani 864,000. Tangazo linaweza kuandika namba moja, na tofauti ikawa karibu mara mbili. Usiulize "riba ni asilimia ngapi" ukaishia hapo. Omba ratiba ya marejesho iliyochapwa, mwezi kwa mwezi, ujumlishe mwenyewe. Hapa kwetu wanaitoa bila kuombwa. Kuna pia bima ya mkopo na ada ya fomu, ni ndogo, sina neno nazo.

Lakini kumaliza deni ni nusu ya kazi. Katika shule yetu nimeona watu wakimaliza na kurudi kulekule ndani ya muhula mmoja, na si kwa uvivu wala anasa. Makato yakikoma mshahara unanona ghafla, kila mtu nyumbani anauona, kadi za michango ya harusi zinaongezeka, Januari inakuja na sare na madaftari, na akiba hakuna. Likitokea la kutokea, wanakwenda kwa yuleyule wa mjini. Kwa hiyo kitu ninachokisifu kuliko vyote katika SACCOS hii ni karatasi moja isiyotangazwa popote: fomu ya kubadili makato. Mwezi wa mwisho wa mkopo niliijaza nikaomba zile 125,000 ziendelee kukatwa, safari hii kama akiba. Sijaziona mkononi, sikuzizoea. Asilimia kubwa ya familia yangu hawajui kwamba mkopo umeisha, na wanaojua wameelewa.

Omba fomu hiyo mapema, kabla mkopo haujafungwa. Ukichelewa, orodha ya makato ikishakwenda, mshahara mzima utaingia mwezi ule na utakuwa umeshaahidiwa mahali. Michango nayo nimeitengea kiasi kimoja kwa mwezi. Kikiisha, kadi inayofuata inasubiri mwezi ujao, na ndugu wamezoea. Msiba haumo humo, msiba ni msiba. Na kaka yangu sasa tumemkatia bima, tunachangiana watatu, kwa sababu chanzo cha deni lile kilikuwa ni kukosa kadi ya bima.

Kabla ya kujiunga na SACCOS yoyote, kahakikishe ina leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na uombe kuona taarifa ya mwisho iliyokaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika. Chama kinachokwepa kuonyesha ukaguzi wake usikipe hata shilingi. Hudhuria mkutano mkuu pia. Huko ndiko utasikia ni mikopo kiasi gani imekwama, jambo ambalo halisemwi kaunta. Fahamu vilevile kwamba kujitoa kunahitaji notisi, akiba hupewi siku unayotaka.

Nyota ya tano nimeizuia kwa jambo moja. Ikifika Novemba, ukuta uleule wa ofisi unaobandikwa ratiba za marejesho unabandikwa tangazo la mkopo wa sikukuu, na wa kwanza kupigiwa simu ni waliomaliza madeni karibuni, kwa kuwa slipu zao zina nafasi. Nilipigiwa. Binti alikuwa mpole, anafanya kazi aliyotumwa, nikamwambia sihitaji. Mwenye barua ya kumaliza deni asipigiwe simu ya kukopeshwa kwa mwaka mzima. Akitaka mkopo anajua ofisi ilipo. Na fomu ya kubadili makato iambatanishwe na barua ile, asilazimike kuiulizia. Nimeyaandika yote mawili kwa bodi, nimepewa nakala yenye mhuri, na yameahidiwa kuingia kwenye ajenda za mkutano mkuu ujao.