TAHADHARI: mayai ya fesanti tausi wa Palawan (ndege wa porini wa Ufilipino, jamii ya kwale na tausi), msimtumie huyu jamaa hela!!!

Jamani nimepigwa, na naona aibu hata kuandika, ila acha niandike maana najua kuna mwenzetu sasa hivi yuko kwenye foleni yake.

Siku ya 21 alfajiri nasikia vilio kwenye inkubeta, moyo unanidunda, nikamwamsha mke wangu twende tukaone. Funza na kibanio nilishaandaa tangu wiki iliyopita, si mnajua vifaranga vya Palawan siku za kwanza havidonoi chini, mama ndo anawapa kwa mdomo. Namsogezea wa kwanza funza, hata hanitazami, kanipita kakimbilia chakula cha unga anadonoa ta ta ta. Wote tisa hivyo hivyo. Nikajipa moyo, nikasema labda hawa wana nguvu tu. Wiki ya tano kichwani ukaanza kuota upanga mwekundu. KUKU. Vile vikuku vidogo vya kawaida kabisa.

Mtasema kwanini nilimwamini. Alinitumia video dume katandaza mkia, yale madoa kama macho ya bluu na kijani yanang'aa, kishungi kimesimama, na shavu lile jeupe, huyo alikuwa Palawan wa kweli na hata leo nitaapa. Nikamuuliza maswali ya banda, ya unyevu, ya jike kupigwa na dume, yote kajibu kama mtu aliyefuga miaka. Mayai yakaja yamefungwa kwenye pamba, kila moja tarehe kwa penseli. Na mimi nilikuwa namtaka sana huyu ndege.

Sasa nikikaa nikifikiria, jike la Palawan linataga mawili tu halafu linaatamia, yeye ana jike moja kanipa 12 yaliyotagwa ndani ya siku nne!! Na yanatotolewa siku 18 mpaka 20, mimi ilivyopita nikalaumu joto la mashine. Kibali nilimuuliza, maana ndege mwenyewe yuko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, akanijibu "usijali kaka tutaongea", hatujaongea mpaka leo, kanibloku.

Huyu mtu afungwe. Arudishe hela za watu wote halafu afungwe, asiguse hata njiwa tena. Meseji zote na risiti ninazo, aliyeuziwa mayai na yeye anitafute inboksi twende polisi pamoja.